Mjuzi Aliyetuzidi

Jumamosi, 7 Desemba

Leo tumeanza mchezo upya, wote daraja la kwanza, wote dhaifu, na sijacheka hivi tangu shule zifungwe.

Naandika mwanzo wake nisije nikausahau. Yonas aliutoa Dodoma alikosoma: kitabu kizito cha Kiingereza na dadu za pande nyingi zinazofanana na peremende. Hakuna karata wala ubao. Mwongozaji, ndiye Yonas, anatusimulia mahali tulipo na kinachotujia. Kila mmoja wetu ana mhusika wake; unasema mhusika wako anafanya nini, unarusha dadu, na dadu inasema kama ameweza. Mkinusurika mnapanda daraja na kuongezewa nguvu. Nilipomweleza mama kule Laela aliniuliza sasa nani anashinda, nikamwambia hashindi mtu. Mnakwenda pamoja na mnapona pamoja.

Maneno ya Kiswahili niliyatunga mimi. Yonas ni mchumba wangu na mimi nafundisha Kiswahili sekondari, kwa hiyo kazi hiyo iliniangukia. Neno lililonitesa ni la yule mhusika anayetenda maajabu kwa kusema maneno ya siri. Kilicho wazi ni mchawi, lakini hapa ni Sumbawanga, nchi nzima inatutania kwa jambo hilo, na sisi tunacheza mchana, mlango wazi, watu wakipita. Nikamwita mjuzi.

Tunacheza kwenye ofisi ya mbele ya ghala la mahindi la baba yake Kornel. Kornel na Yonas walisoma pamoja. Sasa Yonas ni karani wa ghala hilo. Kornel ndiye mjuzi, na mjuzi wake anaitwa Upepo. Teodori wa bodaboda amechukua mnyatiaji, mtu wa kufungua makufuli na kupita asionekane. Minza, binti wa Kisukuma anayeuza dawa za mifugo karibu na stendi, amechukua tabibu. Mimi nina mpiga mkuki, mwanamke mrefu anayeitwa Nakawale.

Leo beberu la mbuzi lilimpiga Upepo pembe, akazimia. Nguvu zake zote kwa sasa ni kuwasha taa bila kiberiti na kurusha cheche moja kwa siku. Nakawale alimbeba mgongoni mpaka kijijini, tabibu wa Minza akamfunga majeraha. Kornel alicheka mpaka akafuta machozi. Akaniambia, "Shemeji, bila wewe mimi ni marehemu."

Jumapili, 8 Desemba

Ukungu mpaka saa sita. Misa, kufua, nguo hazikauki.

Jumamosi, 14 Desemba

Tulimsubiri Yonas amalize kupima magunia ya mtu aliyetoka Laela. Mvua ilikuwa inapiga bati, tunaongea kwa kusogeleana. Nikamuuliza Minza kwa nini tabibu wake anaitwa Kabula. Akasema ni jina la mdogo wake. Wazazi wao walihama na ng'ombe kutoka Shinyanga, wakashuka bondeni, wakaweka boma upande wa Mtowisa. Huyo mtoto alizaliwa mvua ikinyesha, ndiyo maana ya jina lake kwa Kisukuma. Akafa kwa homa akiwa darasa la kwanza, mvua ikinyesha vilevile, barabara imeharibika na gari la kupanda mlima kumleta hospitali halikupatikana.

"Humu amekua mtu mzima," Minza akasema, akiigusa karatasi ya mhusika wake. "Anatibu watu."

Nikamsogezea karanga.

Jumatano, 25 Desemba

Laela, nyumbani. Yonas alikuja kusalimia, akampasulia mama kuni bila kuombwa. Baba amependa. Wamekubaliana wajomba zake waje kuleta posa baada ya Pasaka, barabara zikianza kukauka.

Jumamosi, 11 Januari

Daraja la tano. Majambazi walituzingira kwenye korongo la mlima, wengi kweli. Nakawale alichoma mmoja, akamkinga Kabula. Kisha Kornel akasoma neno jipya la Upepo, la moto, Yonas akatuambia moto umejaa korongo lote. Majambazi wote wakaanguka kwa mpigo. Tulipiga meza kwa furaha. Mimi pia. Niliwaza, mtu tuliyembeba mgongoni leo ametulipa.

Jumamosi, 18 Januari

Moto tena. Mara nne.

Hapo nikashtuka, kwa sababu kitabu nakijua, nimekisoma sentensi kwa sentensi nikitafuta maneno. Mjuzi akisoma neno kubwa, neno linamtoka kichwani, halirudi mpaka amelala usiku mzima. Ndicho kinachomweka sawa na sisi wengine: mkuki hauchoki, maneno yanaisha. Mjuzi lazima ajiulize autumie moto sasa au auhifadhi. Lakini Yonas kila baada ya vita anasema, "Basi mnajipumzisha kidogo," na Upepo anaamka ana moto wake wote. Akiamka hivyo kila mara, sisi tumekuja kufanya nini?

Nilitamka kwa utani kwamba leo tumelala mara nne kabla ya jua kuzama. Teodori akacheka. Yonas hakunitazama.

Jumatatu, 20 Januari

Nimemwambia Yonas waziwazi. Alinisindikiza kutoka shuleni, mvua imetukamata, tukasimama barazani kwenye duka la mbolea. Nilimweleza kanuni ya kupumzika, nikamwambia hakuna anayetaka Kornel aumie, ila arudi kwenye kanuni ili na wengine tupate kazi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kwa upole kwa nini namwonea wivu Kornel.

Pengine kweli ni wivu. Naandika hapa ili nijichunguze.

Jumamosi, 25 Januari

Upepo ameokota fimbo. Yonas alisema ilikuwa ndani ya kaburi la mfalme, imesimama peke yake, na kwa bahati anayeweza kuishika ni mjuzi tu. Inahifadhi maneno ya ziada. Teodori aliuliza kama kaburini hakukuwa hata na kisu. Yonas akarusha dadu, akaitazama, akasema hakukuwa.

Kornel alishukuru kwa sauti ndogo. Alikuwa anachora duara juu ya karatasi yake.

Jumamosi, 1 Februari

Mchana kutwa nimechoma mkuki mara mbili. Mara ya pili yule mtu alikuwa amekwisha kuungua.

Jumamosi, 8 Februari

Teodori ameondoka. Tulifika kwenye lango la chuma, akainuka kabisa kitini, kwa maana milango ndiyo zamu yake, akaanza kueleza jinsi anavyolisikiliza kufuli kwa sikio. Kornel akasema Upepo ana neno la kufungua. Lango likafunguka. Yonas akaendelea na simulizi kana kwamba Teodori alikuwa amekohoa tu.

Hakugomba. Alicheza mpaka tukaenda mapumziko ya chai, akavaa koti lake la mvua, akaniambia pale mlangoni, "Shem, mimi nilikuwa ufunguo. Sasa milango inajifungua. Wacha nikatafute abiria." Pikipiki ikakataa kuwaka mara kadhaa, akaisukuma kwenye tope mpaka barabarani. Ndani Yonas alisema mnyatiaji amerudi kijijini kuuguza mama yake.

Nimekuwa nikimlaumu Kornel moyoni. Mtoto wa tajiri, nikasema, kila kitu lazima kiwe chake, hata cha kuwaziwa.

Alhamisi, 13 Februari

Nilikosea kuhusu Kornel.

Alinikuta sokoni nachagua viazi, akaniomba dakika chache. Tukakaa kwa mama muuza chai. Kornel ni mtu wa kutazama mikono yake anapozungumza. Akasema, "Shemeji, mchezo umenichosha. Nikifumbua mdomo tu, adui amekufa. Hata sirushi dadu sawasawa, najua nimeshinda." Akasema kabla ya Krismasi alikuwa anaota kuhusu Upepo, anaamka anawaza atanusurikaje. Sasa haoti tena. Alimwomba Yonas ampunguze: amnyang'anye ile fimbo, arudishe kanuni ya usingizi. Akamwomba mara mbili. Yonas alicheka, akamwambia bosi hapunguzwi.

"Neno hilo sikulipenda," Kornel akasema. "Mimi si bosi wake. Bosi ni mzee."

Nikamwuliza kwa nini basi asiache tu kuyatumia maneno yake. Akasema alijaribu ile siku ya lango. Alikaa kimya, lakini Yonas akamtazama na kumtazama mpaka akasema.

Nimerudi nyumbani na viazi, kichwa kimejaa. Kwa hiyo mwenye kupewa hataki. Mwenye kutoa ndiye hawezi kuacha kutoa.

Jumamosi, 15 Februari

Mvua ya mawe. Imepasua vioo viwili vya darasa la kidato cha pili. Hatukucheza.

Jumamosi, 22 Februari

Kabula amekufa. Nitaandika yote.

Tulikuwa watatu tu mezani, Kornel, Minza na mimi, na Yonas upande wake nyuma ya kile kibao cha kadibodi anachofichia dadu. Alikuwa amejiandaa, alionekana ana furaha. Labda yale maneno ya Kornel kwamba amechoka yalikuwa yamemwingia, ila yalimwingia kwa njia yake. Badala ya kumpunguza mjuzi, alimtafutia adui wa kimo chake.

Tulishuka kwa simulizi mpaka ziwani. Alisimulia vizuri, siwezi kumnyima hilo: joto la bondeni, chumvi nyeupe ukingoni, maji yaliyorudi nyuma na kuacha matope yaliyopasuka. Minza alikuwa anaitikia kwa kichwa, kwake kule ni nyumbani. Kisha tope likainuka, ndani yake joka.

Upepo akarusha moto, joka likatikisa ngozi. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze Kornel aliketi wima. Akatumia neno la pili, la tatu, anafikiri, anahesabu, uso umechangamka. Yonas alikuwa anatabasamu kama mpishi anayemtazama mgeni akila. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa muda mfupi nilifurahi kwa ajili yao.

Zamu ya joka ikafika. Likamgonga Nakawale kwa mkia, akabaki na uhai kidogo sana, amelala kwenye tope. Minza akasema Kabula anakimbia kumtibu. Nikamwambia asije. Akasema, "Ndiyo kazi yake." Akarusha dadu, akafika, akaniwekea mikono, Nakawale akafumbua macho.

Joka likageuka. Yonas akachota dadu kiganja kizima. Nilipoona kile kiganja kilivyojaa nikaelewa, kabla hazijatua mezani. Upepo alikuwa amejikinga kwa maneno kiasi kwamba pigo lolote linaloweza kumkwaruza yeye lazima liwe pigo la kutumaliza sisi. Mwongozaji alikuwa amebakiwa na maadui wa aina mbili tu: wale ambao Upepo anawafuta kabla sijainua mkuki, na wale wanaotuua sisi ili Upepo apate kutoka jasho.

Alijumlisha, akajumlisha tena. Pigo lilikuwa karibu mara mbili ya uhai wote wa Kabula.

"Amekufa," akasema, na nadhani hata yeye alikuwa hajatarajia, kwa maana sauti ilimtoka ya kawaida, si ya kusimulia.

Minza hakulia. Aliitazama karatasi yake. Magari ya mahindi yalikuwa yanapiga honi nje, makuli wanaitana kwa Kifipa. Kornel akasema haraka kwamba Upepo ana neno la kuamsha wafu, amelipata wiki hii, analitumia sasa hivi, hana shida. Yonas akashusha pumzi. "Bahati nzuri," akasema. "Mjuzi anaweza kumwamsha."

"Usimguse," Minza akasema.

Kornel alidhani hakusikika vizuri, akarudia kwamba halimgharimu kitu.

"Nimesikia, kaka. Usimguse. Mwacheni alale pale pale."

Akakunja karatasi, akaitia kwenye mfuko wa dawa, akaaga kwa heshima kila mmoja kwa jina. Nikatoka naye. Tulitembea mpaka karibu na stendi. Mlangoni pa duka lake alinigeukia, akaniambia kule Mtowisa walimsubirisha Kabula siku mbili kwa sababu gari lililokuwepo lilikuwa la mtu mkubwa na lilikuwa linasubiri safari ya mtu mkubwa. "Sikutegemea na huku," akasema, akaingia ndani.

Jumapili, 23 Februari

Nilimsubiri Yonas baada ya misa. Tukatembea kuelekea uwanjani, upepo wa baridi, koti lake kanivalisha mimi. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, nikamkuta amenyong'onyea, nikaanza kwa upole. Nilimwambia Kornel mwenyewe alimwomba ampunguze. Nikamwuliza kwa nini alikataa.

Tukafika kwenye magoli.

"Watu wa namna ile wanaomba hivyo," akasema. "Ukiwapunguza kweli, wanakumbuka."

Akanieleza kwamba mzee wa ghala ana mpwa wake Mbeya aliyemaliza uhasibu, kila mwezi anatajwa. Anayemzuia mzee ni Kornel, na Kornel anamzuia kwa sababu Yonas ni rafiki, na urafiki wao uko wapi siku hizi kama si kwenye meza ile? Nikamwambia Kornel si mtu wa hivyo. Akasema mimi siwajui.

"Wewe unacheza pale, Fotu. Mimi niko kazini."

Nilimhurumia. Naandika kweli, nilimhurumia, nilitaka kumshika mkono. Lakini nilimwuliza kuhusu Minza: kwamba je, alijua Kabula ni nani? Akasema alijua, Minza alimwambia zamani. Nikamwuliza kama hakuona dadu zile ni nyingi mno kwa mtoto wa watu. Akasema, "Minza ataelewa. Minza hana makuu."

Nimekaa na sentensi hiyo tangu adhuhuri. Minza hana makuu, kwa hiyo anaweza kupigwa. Teodori ni mcheshi, kwa hiyo anaweza kunyang'anywa milango. Na Fotu ni mchumba, amekwisha kupatikana. Yonas anampa yule anayemwogopa, na kile anachompa anakitoa kwa wale asiowaogopa. Mimi hajawahi kuniogopa hata siku moja. Nilikuwa naliita hilo upendo.

Jumamosi, 1 Machi

Nilikwenda mara ya mwisho. Sikutaka kuondoka kwa kununa, na labda nilitumaini.

Tulikuwa wawili mezani na mwongozaji. Mwanzoni kabisa, kabla ya lolote kutokea, Yonas alisimulia kwamba Nakawale ameota ndoto, akaamka ana mkuki wa radi mkononi. Unapiga wengi kwa mpigo, unarudi wenyewe. Aliniangalia kwa macho ya mtu aliyeleta zawadi. Hakuniuliza nataka nini. Sikuutafuta mkuki ule, sikuupigania, sikuustahili. Alinipa ninyamaze, kama unavyompa mtoto pipi msibani.

Nilisema Nakawale anautupa ziwani. Yonas akasema hauwezi kutupwa, unarudi. Kornel alicheka, kisha akaona uso wangu, akaacha.

Nikasema basi Nakawale anaondoka, anarudi kwao kulima. Nikawapa mikono.

Jumatano, 5 Machi

Misa ya majivu. Baridi. Nimefundisha vipindi sita.

Jumamosi, 22 Machi

Imenyesha wiki nzima. Yonas amekuja mara tatu, tunaongea mambo ya posa, nani atakuja, atakaa wapi. Kuhusu mchezo hatuongei. Kila ninapomwangalia akimwitikia mtu kwenye simu, ndiyo mzee, sawa mzee, nasubiri kuona nani atalipia ile ndiyo. Zamani nilikuwa sisikii.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Laela. Nimewaambia.

Nilichagua saa ya kumenya viazi, ili mama awe na kazi ya mikono. Nikasema naomba wajomba wa Yonas wasije. Mama hakuinua kichwa.

"Amekupiga?"

"Hapana, mama."

"Ana mtoto nje?"

"Hana."

"Anakunywa?"

"Hanywi sana."

Akaweka kisu chini. "Sasa?"

Nikajaribu. Mimi ambaye kazi yangu ni maneno, nikajaribu kumweleza mama habari za mjuzi, na usingizi, na fimbo ya kaburini, na Kabula, na kiganja cha dadu. Nilijisikia mjinga kwa kila sentensi. Nikaeleza habari za mpwa wa Mbeya, hapo akanielewa kidogo, ila alielewa kinyume: akasema basi kijana anahangaikia kazi yake apate kukuoa, unataka nini zaidi. Nikasema atanitoa mimi, mama. Siku akibanwa atanitoa mimi kwanza, na atasema nitaelewa. Mama akasema wanaume wote wana mtu wanayemwogopa, na kila mke anatolewa kidogo. Alisema bila uchungu wowote, akaokota kisu.

Baba alikuwa mlangoni, sijui tangu lini. Akaniuliza kama nimefikiri. Nikasema nimefikiri tangu Februari. Akasema atapeleka habari kwa wajomba, ila atasema bado sijawa tayari, kwa maana dadu hawezi kuzitaja mbele za watu. Kisha akatoka kuangalia mahindi ya jirani. Hakuzungumza nami tena mpaka jioni, na jioni alizungumza kuhusu basi.

Jumamosi, 26 Aprili

Yonas alikuja asubuhi, akakataa kuingia, akasimama chini ya paa na mwavuli ungali wazi.

"Kwa sababu ya mchezo," akasema.

"Kwa sababu yako."

Akasema nitaona aibu mwenyewe siku moja nikikumbuka. Hakupandisha sauti. Nilitaka apandishe, angalau kwangu asiwe karani. Alisimama muda mrefu, na mimi nikafikiri anatafuta neno la kunizuia, nikatumaini alipate, naandika hili kwa kuwa ni kweli. Kisha akauliza kama wanaweza kuendelea kuyatumia yale maneno yangu. Wamepata wachezaji wapya wawili, vijana kutoka benki, na Kiingereza kinawapa shida.

Nikasema wayatumie.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua imeisha. Vumbi limeanza siku hiyohiyo, kama lilikuwa linasubiri foleni.

Kwenye chumba cha walimu mtu alisema, akidhani sijafika, kwamba huyu ndiye aliyeachana na mchumba kwa ajili ya dadu. Mwingine akasema si dadu, ni mambo ya giza, wanafanyia ghalani, ndiyo maana ndoa haikusimama. Nimewasalimia, nikachukua chaki.

Teodori nimemwona stendi. Alinipungia mkono, akapakia abiria.

Jumamosi, 10 Mei

Minza alikuja leo mchana, amebeba maziwa ya mgando kutoka kwao. Nilikuwa uani nachambua maharage, akaketi akanisaidia. Amenenepa kidogo, amependeza. Alinipa habari za Mtowisa: mpunga umekubali, ng'ombe wamepona, mama yake anasalimia. Nikajua kuna kitu, kwa jinsi alivyokuwa anachambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa.

Akasema amerudi mezani.

Nikaendelea na ungo wangu. Akaeleza bila kuulizwa. Kornel alimfuata dukani, akamwomba radhi, akamwambia hakuna siku anayokaa pale asiione ile nafasi yake. Alikuja tena wiki iliyofuata. Hakumlazimisha. "Na mimi nilikuwa sipati usingizi, dada," Minza akasema. "Nilikuwa namwona yuko kwenye lile tope. Peke yake. Nikasema, mara ya kwanza sikuweza kumfanyia kitu. Mara hii naweza, na nimekataa kwa kiburi."

Nikamwambia si kiburi. Akasema hata kama si kiburi.

Nilitaka kumkasirikia, nikatafuta hasira, haikuwepo. Kwa ajili yake niliona vile dadu zilivyo nyingi kiganjani, na kwa kuziona nimepoteza nyumba niliyokuwa nimekwisha kuipangia mapazia. Lakini yeye hakuniomba nione.

"Kwa hiyo wamemwamsha," nikasema.

"Wamemwamsha. Anatembea, anatibu. Wale vijana wa benki wanaumia sana, wanamhitaji." Akatabasamu kwa kweli. Kisha akaanza kunieleza kanuni yake, polepole, macho kwenye maharage. Mtu aliyeamshwa na mjuzi haishi kwa uhai wake. Kila alfajiri ya mchezo Kornel anasoma tena neno la Upepo, ndipo Kabula anafumbua macho. Asiposoma, anabaki amelala.

"Amewahi kusahau?"

Minza alipuliza makapi kwenye kiganja chake.

"Bado," akasema.